Je, Wajua? Daktari wa Mbuzi Ana Mkataba, Mtetezi wa Mtoto Hana

Je, wajua kwamba mbuzi anayechinjwa Kiamaiko alfajiri ya leo huenda wiki iliyopita alikuwa akitafuna majani ya mgunga karibu na mpaka wa Ethiopia? Kiamaiko ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Mathare, imebanana kati ya Huruma na Kariobangi, na Nairobi nzima inaijua kwa nyama ya mbuzi. Malori hutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na Garissa. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye zaidi ya kilomita 500, ilipomalizwa kutiwa lami katikati ya miaka ya 2010, safari iliyokuwa ya siku kadhaa za vumbi na pancha ilifupika sana.

Mbuzi huyo hasafiri hivi hivi. Kisheria anapaswa kuwa na kibali cha kusafirishwa kilichotolewa na afisa wa mifugo kule alikotoka. Akishachinjwa, mkaguzi hupasua ini na mapafu akitafuta minyoo na madoa, kisha hupiga muhuri kwenye nyama. Kila hatua ina jina la mtu aliyeruhusiwa kuifanya.

Sasa tazama ng'ambo ya barabara. Basi limesimama, abiria wanashuka, na kati yao yumo binti wa miaka kumi na mitatu aliyeletwa na mtu anayemwita shangazi, aje kusaidia kazi za nyumbani Eastleigh. Hana karatasi, wala hakuna aliyemuuliza. Simzungumzii mtoto mmoja ninayemjua. Ni sura ambayo yeyote aliyeishi mitaa hii ataitambua. Mambo yakimwendea mrama binti huyo, atakayeitwa ni soshowaka, yaani mfanyakazi wa jamii. Soshowaka naye, akishika simu kuwatafuta wazazi wake ng'ambo ya mpaka, atakuta kwamba fani yake haina makubaliano yoyote ya kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki. Ya daktari wa mbuzi inayo.

Fani nne, na moja iliyosahauliwa

Je, wajua ni fani zipi ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kukubaliana kutambuana leseni zake? Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti na leseni zinazotolewa na wenzao. Wahasibu na wasanifu majengo walitangulia, mwaka 2011. Wahandisi wakafuata 2012. Mwaka 2016 wakaingia madaktari wa mifugo.

Makubaliano haya hayampi mtu ruhusa ya kuvuka Busia na kesho yake kufungua ofisi. Mhandisi aliyesajiliwa Kampala bado huomba bodi ya Nairobi imwandikishe. Tofauti ni kwamba bodi hiyo haianzi kumpima upya kama mwanafunzi. Inajua bodi ya Kampala ilimpima kwa kipimo gani, na inaweza kuuliza kama ana kesi ya utovu wa maadili.

Kwa nini wafanyakazi wa jamii hawamo? Jibu limejificha mahali ambapo wengi hawatazami, kwenye mstari wa saini. Makubaliano ya kutambuana hutiwa saini na bodi za fani zenyewe. Kenya ina bodi ya wahandisi. Ina bodi ya madaktari wa mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Wafanyakazi wa jamii, Kenya na hata Uganda, kwa miaka mingi wametegemea vyama vya hiari, ambavyo mtu hujiunga akipenda na huondoka akitaka. Chama cha hiari kinaweza kuandaa semina nzuri na kutetea mishahara. Hakiwezi kumnyang'anya mtu leseni ambayo hakuna sheria iliyompa. Basi siku majirani wakikaa mezani kutia saini, upande wetu hakuna mwenye kalamu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu si la fedha nyingi. Daftari la majina, kiapo, kamati ya maadili na namba ya simu ya kulalamikia: nchi hii imewafanyia hivyo watu wa fani chungu nzima.

Ini la mbuzi na ndoa ya binti

Je, wajua kwamba hata Ulaya mambo yako vivyo hivyo? Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu utambuzi wa sifa za kitaaluma lina orodha ya fani saba ambazo vyeti vyake hutambuliwa moja kwa moja nchi zote wanachama: madaktari, wauguzi, wakunga, madaktari wa meno, wafamasia, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo. Tazama tena jina la mwisho. Mfanyakazi wa jamii hayumo; ombi lake hupimwa moja moja, na anaweza kuambiwa afanye mtihani au akae muda chini ya usimamizi.

Sababu ipo, na ni ya kweli. Ini la mbuzi wa Marsabit halina tofauti na la mbuzi wa Mbarara. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo kirusi chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, haibadiliki ikivuka Namanga. Familia hubadilika. Sheria inayoilinda hubadilika zaidi.

Chukua suala la ndoa ya msichana. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema umri ni miaka 18, kwa mvulana na kwa msichana. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka serikali mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo Oktoba 2019. Soshowaka wa Nairobi aliyekuwa akifuatilia kesi ya binti wa miaka 16 aliyerudishwa Moshi kwa miaka hiyo ilimpasa kuijua historia yote hiyo. Bila hivyo angempigia simu afisa mwenzake akidhani wanaongea lugha moja, kumbe mmoja anasema mtoto na mwingine anasema mke wa mtu.

Kwa hiyo nikiwasikia watu wakidai leseni moja ya Afrika Mashariki kwa wafanyakazi wote wa jamii, nawaelewa, lakini nasita. Kinachohitajika kwanza ni kila nchi kujua wa kwake ni akina nani. Halafu wa Kampala akija Nairobi afundishwe sheria ya watoto ya hapa kwa wiki chache, apewe mlango wa kuingilia. Kumfukuza ni hasara. Kumwachia aingie bila kumwuliza lolote ni hatari.

Mji mmoja, leseni mbili

Je, wajua kwamba Marekani, nchi moja yenye bendera moja, imehangaika karibu karne nzima na tatizo hilihili ndani ya mipaka yake, na hata sasa haijalimaliza? Huko leseni hutolewa na jimbo. Eneo la kwanza kuwasajili wafanyakazi wa jamii kisheria lilikuwa Puerto Rico, mwaka 1934. California ikafuata 1945. Majimbo mengine yakajiunga polepole hadi miaka ya 1990, kila moja na masharti yake, ada zake na fomu zake.

Matokeo yake yanaonekana vizuri mjini Kansas City. Mji huo umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, Missouri na Kansas, na ipo barabara iitwayo State Line Road ambayo upande mmoja ni jimbo hili na upande wa pili ni jimbo lile. Soshowaka mwenye leseni ya Missouri akivuka barabara kumtembelea mzee mgonjwa, amefanya kazi bila leseni. Tena sheria za huko hutazama alipo anayehudumiwa. Ukimshauri mtu kwa simu akiwa Kansas, kazi hiyo imefanyika Kansas, hata kama wewe hukuinuka kitini Missouri. Msichana aliyekuwa akizungumza na mshauri wake kila wiki akihamia chuo jimbo jingine, mazungumzo hayo yaliweza kukatika siku ileile.

Ndipo ukaandikwa mkataba wa majimbo kuhusu leseni za wafanyakazi wa jamii. Uliratibiwa na Baraza la Serikali za Majimbo, na gharama za uandishi zilichangiwa na Wizara ya Ulinzi. Usishangae. Wanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka michache, na mke au mume aliye mfanyakazi wa jamii hujikuta akianza upya kila mara, akilipa ada upya, akikaa miezi bila kazi. Missouri lilikuwa jimbo la kwanza kuupitisha, mwaka 2023. Mkataba ulihitaji majimbo saba ili upate nguvu, na la saba, Aprili 2024, likawa Kansas. Ndugu wawili wanaotenganishwa na State Line Road, mmoja akafungua mlango na mwingine akaukamilisha.

Utaratibu wake ni huu. Mtu huwa na leseni katika jimbo lake la nyumbani, amefaulu mtihani wa kitaifa na amechunguzwa alama za vidole. Akikidhi masharti, jimbo hilo humpa leseni ya majimbo mengi, katika ngazi mojawapo ya tatu: shahada ya kwanza, uzamili, au kazi ya kliniki. Akienda kufanya kazi jimbo jingine lililojiunga, hufuata sheria za jimbo hilo. Akikosea huko, huadhibiwa huko, na habari hurudi nyumbani. Mkataba ulipopata nguvu hakuna hata leseni moja iliyotolewa siku hiyo. Ilibidi kwanza tume iundwe, ikutane, iandike kanuni, kisha ujengwe mfumo wa kompyuta wa kubadilishana taarifa.

Mfumo huo wa taarifa ndio moyo wa jambo lote, na nataka niukazie. Watu huona leseni inayovuka mipaka kama fadhila kwa mfanyakazi: aende apendako, apate kazi. Ni kweli. Lakini kwa mtoto faida yake ni nyingine kabisa. Mtu aliyefukuzwa kazi mji mmoja kwa kumdhulumu mtoto, mahali pasipo na daftari la pamoja, hupanda basi. Akishuka mji wa pili anajitambulisha kuwa soshowaka mwenye uzoefu wa miaka kumi, na anasema kweli kuhusu hiyo miaka kumi. Palipo na daftari, jina lake limefika kabla ya basi.

Jina lisilo na kufuli

Je, wajua kwamba England mtu akijiita mfanyakazi wa jamii bila kusajiliwa ametenda kosa la jinai? Jina hilo limelindwa na sheria huko tangu tarehe 1 Aprili 2005. Na Wakenya wanaofanya kazi hiyo Uingereza watakuambia jambo jingine: katika ufalme ule mmoja kuna madaftari manne. England ina lake, ambalo tangu Desemba 2019 linashikwa na Social Work England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina lake. Anayetoka Croydon kwenda kuajiriwa Cardiff hujisajili upya.

Kwa mgeni anayetaka kuingia, mwenye baraza nyumbani ana nafuu. Afrika Kusini imewasajili watu hawa chini ya sheria ya mwaka 1978. Zimbabwe ina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2001. Anayetoka huko anaweza kuomba barua ya sifa njema kutoka baraza lake. Anayetoka Nairobi na shahada nzuri na miaka kumi na mitano ya kuingia vichochoroni, barua hiyo ataiomba kwa nani? Atazunguka kwa chuo, kwa mwajiri wa kwanza, kwa mwajiri wa pili aliyekwisha kufunga ofisi.

Hata jina lenyewe kwetu halijatulia. Dar es Salaam atakuambia afisa ustawi wa jamii. Nairobi serikalini utasikia afisa wa watoto, afisa wa probesheni, afisa wa maendeleo ya jamii, kila mmoja na idara yake. Kiamaiko na Huruma wote hao ni soshowaka, na neno hilo linamkumbatia hata kijana wa kujitolea aliyepewa fulana na shirika fulani mwezi uliopita. Silidharau neno la mtaani. Ni zuri, lina imani ndani yake. Mama akisema "niitie soshowaka" anamaanisha mtu atakayesikiliza bila kumpeleka kituoni. Imani ya aina hiyo inastahili kulindwa na sheria.

Si kwamba Afrika ni mgeni katika fani hii

Shule ya kazi za jamii ya Cairo ilifunguliwa mwaka 1936. Johannesburg ilikuwa na Shule ya Jan Hofmeyr kuanzia 1941, na humo alisoma Winnie Madikizela, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Winnie Mandela. Aliajiriwa Hospitali ya Baragwanath, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo pale. Joshua Nkomo wa Zimbabwe alipita shule hiyohiyo. Mwaka 1971 walimu wa fani hii kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wao uliokuwa na makao Addis Ababa. Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha chuo chake mwaka 1973. Leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama. Mwaka 1974 Nairobi iliupokea mkutano wa kimataifa wa ustawi wa jamii. Miaka hiyo watu walikuwa wakisafiri, wakibadilishana mitaala, wakijuana kwa majina.

Na kwetu Eastlands? Kituo cha wavulana cha Starehe, si mbali na Kiamaiko, kilianza Novemba 1959 kwa vibanda viwili vya mabati. Mwanzilishi wake, Geoffrey Griffin, alikuwa na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ambao hutajwa mara chache kuliko wanavyostahili. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu Society kwa ajili ya watoto waliokuwa wakilala nje na kuongoza magari yaegeshwe mjini ili wapate senti. Mtindo wa kumfuata mtoto alipo, badala ya kumngoja ofisini, una mizizi mirefu upande huu wa mji.

Kafala, neno moja nyumba mbili

Je, wajua kwamba Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inalitambua neno la Kiarabu ambalo wazee wengi wa Kiamaiko wamelijua tangu utoto? Ni kafala, mpango wa Kiislamu wa kumchukua mtoto na kumlea kama wako huku jina la ukoo wake na nasaba yake vikibaki palepale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao unaitaja, katika ibara ya 20, sambamba na kuasili mtoto na malezi ya kambo. Wafanyabiashara wengi wa mbuzi ni Waislamu kutoka kaskazini, Waborana, Wasomali, Waburji, na yatima kwao hakosi wa kumchukua. Shida huja mtoto huyo anapotakiwa kuandikishwa shule au kupata cheti, na mlezi hana karatasi.

Neno hilohilo la kafala, ukilipeleka Ghuba, linamaanisha jambo jingine: mfumo ambao mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi mgeni, na uhalali wa kuwepo kwake nchini unamtegemea yeye. Mizizi ni moja, kudhamini. Mama aliyeondoka Huruma kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia anaishi chini ya kafala moja, na mtoto aliyemwachia jirani Mwislamu hapa huenda analelewa chini ya kafala nyingine. Soshowaka anayeshughulikia familia hiyo lazima azielewe zote mbili, na lazima apate mtu wa kuongea naye upande wa pili.

Faili linalosafiri kuliko mwenye faili

Je, wajua kwamba lipo shirika ambalo kazi yake hasa ni kuwaunganisha wafanyakazi wa jamii wa nchi tofauti kuhusu familia moja? International Social Service lilianzishwa mwaka 1924, wakati Ulaya ilipojaa watu waliotawanywa na vita na njaa, na makao yake ni Geneva. Njia yake ni rahisi kueleza. Mwenzako wa nchi ya pili anakwenda nyumba ile, anaketi na bibi, anaangalia kitanda atakacholalia mtoto, anauliza majirani, anakuandikia ripoti. Wewe huhitaji kuvuka mpaka. Macho ya mwenzako yamevuka kwa ajili yako. Lakini ili jambo hilo liende, lazima uyaamini macho hayo.

Kenya inahitaji macho hayo zaidi leo kuliko zamani. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe kwenye makao ya kulelea na kurudishwa kwenye familia. Naukubali kwa moyo wote. Mtoto hukua penye mtu wa kumwita mama, nyanya au mjomba. Ila familia nyingine ziko Mbale, Arusha au Mega. Waandishi wa habari wameripoti mara kwa mara kuhusu watoto kutoka Karamoja, Uganda, wanaoletwa kufanya kazi Nairobi, na watoto wenye ulemavu kutoka Tanzania wanaotumiwa kuomba barabarani. Kumtoa mtoto kwenye mikono hiyo ni kazi ya siku moja. Kumrudisha penye usalama kwahitaji afisa wa watoto, Mahakama ya Watoto, ubalozi, wizara mbili, na kule mwisho mtu mmoja wa kubisha hodi na kutazama. Faili huzunguka miezi. Mtoto huyo yuko kwenye makao yaleyale ambayo mkakati unasema atolewe.

Kwa Kiamaiko kuna fundo la ziada. Mpaka wake wa kila siku ni Moyale, na Ethiopia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata siku Arusha itakapotoa makubaliano ya wafanyakazi wa jamii, hayatafika barabara hiyo ya mbuzi. Upande huo tumaini liko IGAD, jumuiya ya kanda ambayo Ethiopia imo, ambako Februari 2020 mawaziri waliokutana Khartoum waliidhinisha itifaki mbili: moja ya watu kusafiri kwa uhuru, nyingine ya wafugaji kuvuka mipaka na mifugo yao kufuata malisho. Desemba mwaka huohuo, Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Moyale. Somalia, kwa upande wake, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, jambo ambalo familia nyingi za Eastleigh na Kiamaiko zilikuwa zimekwisha kulitangulia kwa miguu.

Simu kabla ya leseni

Wakati sheria zinangojwa, kazi haingoji. Aprili 2016 jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma na kuua karibu watu 50, ndugu walitafutwa hadi vijijini, na wengi wa waliowatafuta walikuwa watu wa mtaa wenye kitabu na kalamu. Mito ya Nairobi ilipofurika mwaka 2024 na nyumba za kando ya mto Mathare kusombwa, kisha nyingine kubomolewa, ilikuwa hivyo tena: nani yuko wapi, mtoto wa nani yuko kwa nani. Soshowaka aliyebobea mtaani ana daftari lake mwenyewe, la namba za simu. Kondakta wa basi la Moyale. Imamu wa Isiolo. Sista wa Busia. Mama mmoja Namanga anayejua kila mtoto mgeni anayeonekana stendi. Daftari hilo limewarudisha wengi nyumbani, na siku mwenye nalo atakapostaafu au kuibiwa simu, linapotea lote.

Na je, wajua kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zina namba moja ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto? Ni 116, katika nchi zote tatu. Ukisimama upande wa Kenya pale Namanga ukiibonyeza, anapokea mtu wa Kenya. Vuka, tembea hatua chache, ubonyeze tarakimu zilezile tatu kwa laini ya kule, na sauti inayokuitikia ni ya Tanzania.